Dakika 20 Zisizo na Mwenyewe

Katika jalada la kamati ya msikiti wetu hapa Mbeya, kati ya stakabadhi za saruji na orodha ya waliochangia kisima, imo ratiba ya nyakati za swala iliyochapishwa Dar es Salaam zamani. Kando ya safu ya Magharibi, mkono tusioujua umeandika kwa wino wa bluu: +20. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna sababu. Makatibu waliotutangulia waliirithi hivyo, nasi tukakabidhiwa hivyo hivyo, na nyumba nyingi za jirani zilikuwa zimeinakili na kuibandika jikoni, juu ya kabati la vyombo.

Tunaandika habari ya namba hiyo ndogo kwa sababu ilitufikisha mahali tusipotarajia, nako ni kwenye kazi ya mafundi wa programu za kompyuta, zana zao za kila siku na mazoea yao. Wazazi wengi wa msikiti wetu huwaona vijana wao wameinamia kompyuta mpakato hadi usiku wa manane na hawajui kinachofanyika mle. Sisi chuoni tulisoma fiqhi na lugha ya Kiarabu, si kompyuta. Lakini muda tuliokaa na kijana mmoja wa msikiti wetu, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, umetuonesha kwamba kazi hiyo ina adabu zake, na kwamba baadhi ya adabu hizo mtu aliyepita katika vyuo vya dini huzitambua mara moja azionapo.

Chanzo chake kilikuwa lawama. Kila Ramadhani watu walinung'unika kwamba muadhini wetu, mzee aliyeshika kazi hiyo tangu wengi wetu tukiwa watoto wa madrasa, anachelewesha adhana ya Magharibi. Redio imeshaadhini, simu imeshalia, ratiba ya jikoni imeshapita, na mzee bado amesimama uani akitazama vilele vya Loleza. Nyumbani watoto wamekwisha kufuturu. Wengine wakaanza kusema kwamba mzee haoni vizuri siku hizi. Jambo hilo lililetwa mbele ya kamati kwa maandishi, nasi kwa nafasi ya ukatibu tukalazimika kulitafutia jibu kabla ya kikao kijacho. Saumu ya familia kadhaa ilikuwa ndani ya jibu hilo, na heshima ya mzee pia.

Ili msomaji atufuate, inabidi tuseme kidogo kuhusu jua. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa kila dakika 4. Tanzania nzima hutumia saa moja, iliyo mbele ya ile ya Greenwich kwa saa tatu. Saa hiyo hulingana na jua la nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita huko baharini, nje kabisa ya nchi yetu. Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 39.3, Iringa 35.7, Mbeya 33.5. Basi jua linalopita juu ya Dar es Salaam huwasili juu ya Iringa baada ya dakika 14 hivi, na juu ya Mbeya baada ya dakika 23. Kwa hiyo hapa kwetu jua halipinduki saa 6 kamili mchana hata siku moja katika mwaka. Hupinduka karibu saa 6:30 mwanzoni mwa Novemba, na hukawia hadi kama saa 7 kamili katikati ya Februari. Anayefuturu Mbeya kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam anafuturu jua likiwa bado lipo.

Hayo wazee wetu waliyajua, na ndiyo maana mtu fulani aliandika ile +20. Swali lilikuwa: je, 20 ni sahihi?

Kijana wetu hakujibu siku ile. Aliomba wiki mbili. Alikuja na kompyuta yake, mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika, betri yake imechoka kiasi kwamba umeme ukikatika inazimika kabla hujamaliza sentensi. Tulidhani ataonesha programu yenye rangi na michoro. Alifungua faili la maandishi matupu, herufi nyeupe juu ya weusi, lililoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Alitueleza kwamba maandishi matupu ndiyo zana yake ya kwanza, kwa sababu hufunguka katika kompyuta yoyote, mpya au kuukuu, hayali bando, na baada ya miaka 20 bado yatasomeka. Kisha akatuonesha zana ya pili, na hapo ndipo tulipokaa sawasawa kwenye viti.

Inaitwa Git. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, mwaka 2005, kwa ajili ya maelfu ya mafundi waliokuwa wakiandika kwa pamoja programu kubwa ya Linux. Kazi yake ni kutunza historia ya maandishi. Kila fundi anapobadili hata mstari mmoja, huandika pamoja na badiliko hilo jina lake, siku na saa, na maelezo mafupi ya kwa nini amebadili. Kila kumbukumbu hufungwa kwa hesabu na ile iliyoitangulia, hivyo mtu akichezea kitu cha katikati, mnyororo mzima unaonesha kwamba umeguswa. Na historia yote hukaa ndani ya kompyuta ya fundi mwenyewe, hata mtandao usipokuwapo, jambo ambalo kwa mtu wa Mbeya katika msimu wa mvua si dogo.

Msomaji aliyesoma elimu ya hadithi amekwisha kujua tulichokikumbuka. Habari isiyo na msimulizi haipokelewi. Huulizwa nani kasema, kaipata kwa nani, na huyo naye kwa nani. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Isnadi huchunguza uadilifu na hifadhi ya mtu, ilhali chombo cha kijana wetu hakimtofautishi mkweli na mwongo, kinaandika tu kwamba fulani alisema hivi siku fulani. Lakini hata hilo tu, ile karatasi yetu ya bluu haikuwa nalo.

Mafundi wa programu wana jina la dharau kwa namba kama ile yetu, namba inayotokea katikati ya hesabu bila maelezo. Huiita namba ya mazingaombwe. Adabu yao ni kwamba kila namba ipewe jina lake na iandikwe mahali pake: hii ni latitudo, hii ni longitudo, hizi ni dakika za tahadhari zilizoongezwa kwa idhini ya kamati. Zikikaa wazi hivyo, hakuna atakayeziongeza mara ya pili bila kujua, wala hakuna atakayezifuta akidhani ni kosa la mwandishi.

Basi programu ilipoendeshwa kwa miezi yote 12, karatasi ya bluu ilijieleza yenyewe. Mbeya haipo magharibi ya Dar es Salaam tu, ipo kusini yake pia, karibu nyuzi 8.9 chini ya ikweta, na Dar es Salaam nyuzi 6.8. Tofauti hiyo ya kusini huongeza au kupunguza dakika chache kulingana na majira. Mwezi Juni, jua huzama Mbeya takriban dakika 20 baada ya Dar es Salaam. Mwezi Machi, dakika 23 au 24. Mwezi Desemba, dakika 27. Ramadhani iliangukia Juni mwaka 1983, na tena mwaka 2016 ilianza mwanzoni mwa Juni. Aliyeandika +20 katika miaka kama hiyo aliandika kweli tupu. Hakukosea. Ila Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na namba ikabaki pale pale ilipobandikwa. Mwaka 2025 mwezi mtukufu ulianza mwanzoni mwa Machi, na namba ilikuwa imepungua kwa dakika 4. Mwaka 2030 kwa hesabu unatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba, na wakati huo atakayeishika karatasi ile atakata saumu yake dakika 7 kabla ya jua kuzama.

Mzee muadhini, ambaye hajapata kumiliki simu janja, alikuwa sahihi kila mwaka.

Tuseme ukweli, tulifurahi kuliko inavyompasa katibu anayetakiwa kuwa mtu wa katikati. Kamati ilitangaza matokeo baada ya swala ya Ijumaa, na hukumu ya siku zilizopita katika nyumba zile tuliwaachia masheikh, kwa kuwa haikuwa kazi ya kompyuta wala ya katibu.

Lakini kijana hakuridhika. Mafundi wana hila moja ambayo mwanzoni ilituchekesha. Katika nchi za Magharibi wapo wanaoweka juu ya meza kitoto cha bata cha mpira, na programu inapowasumbua humweleza bata huyo mstari kwa mstari kwa sauti, kwa sababu mtu anapomweleza asiyejua husikia mwenyewe pale alipoteleza. Kijana wetu hana bata. Alimwendea mzee muadhini baada ya Alasiri, akamwamkia, akaketi naye barazani na kumsomea hesabu yote, kwamba jua likishuka chini ya upeo wa macho kwa kiasi fulani, hapo programu inasema limezama.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mlima, mwanangu?"

Wakazi wa Mbeya wanaelewa swali hilo. Mji wetu upo mita 1,700 hivi juu ya bahari na umezungukwa na milima. Siku nyingi jua hujificha nyuma ya mlima mapema, kivuli kikaufunika mji, na mgeni akaapa kwamba limezama. Fiqhi haikulisahau jambo hili. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walieleza kwamba mahali penye milima na majengo, alama ni miale kuondoka juu ya vilele na giza kujitokeza upande wa mashariki. Ndicho mzee alichokuwa akikitazama juu ya Loleza miaka yote. Programu haijui mlima wowote. Huchukulia kwamba dunia ni tambarare hadi upeo wa macho, na kwa bahati dhana hiyo iko upande wa usalama, maana haidanganywi na kivuli cha mlima. Kijana aliyaandika mazungumzo yale ndani ya faili lenyewe, juu ya mstari unaohusika, akataja kwamba swali liliulizwa na muadhini. Akaongeza na zana nyingine isiyouzwa dukani. Alisimamisha kijiti wima uani, na kwa siku kadhaa wakapima wote wawili saa ambayo kivuli kinafika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka. Mafundi huita hilo kupima, yaani kulinganisha jibu la programu na jibu unalolijua kwa njia nyingine. Programu isiyopimwa, alisema kijana, ni maoni tu.

Habari husafiri kwa mabasi. Ndugu zetu wa kamati moja ya msikiti mjini Iringa walisikia, wakaomba wapewe ratiba ya Mbeya waitumie. Haikuwezekana, kwa sababu kutoka hapa hadi kwao ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ipitayo Makambako na Mafinga, na jua lao hutangulia letu kwa dakika 7 mwezi Juni na 11 mwezi Desemba. (Wasafiri wa basi wanaofunga nao wazingatie hili. Saa ya kufuturu ni ya pale ulipo, si ya ulikotoka wala uendako.) Kwa kuwa hesabu ilitengwa na jina la mji, kazi ya kuwatengenezea ratiba yao ilikuwa kubadili namba mbili tu. Kijana alizibadili usiku, akawatumia.

Baada ya siku tatu ilikuja simu kutoka Iringa. Aliyepiga ni ustadha wa madrasa, binti wa miaka 20 na ushei anayesomea kompyuta chuoni. "Kaka," alisema, "ratiba yako inasema Desemba Magharibi ni saa 12:25 na Juni ni saa 12:56. Iringa Desemba ndiyo yenye mchana mrefu. Umetuweka kaskazini ya ikweta." Ilikuwa alama moja ya kutoa. Latitudo za kusini huandikwa na alama hiyo mbele yake, na katika kubadili mji ilidondoka. Kwa alama hiyo moja, futari ya Desemba mjini Iringa ingeliwa karibu nusu saa kabla ya wakati wake. Jibu sahihi ni karibu saa 12:52.

Tunawaomba wazazi wenye mabinti walisome tukio hili mara ya pili. Hakuligundua kwa kuwa na kompyuta bora kuliko ya kijana. Aliligundua kwa kuwa aliujua mji wake na hakukubali kuambiwa na mashine kinyume cha anachokiona dirishani. Kosa lilirekebishwa saa ile ile, na kwenye historia ya faili likaandikwa jina la aliyelirekebisha na la aliyeligundua. Kijana aliongeza pia mstari wa kudumu unaokataa kuendelea iwapo mji wowote wa Nyanda za Juu Kusini utaandikwa bila alama ile. Hiyo nayo ni adabu yao, kwamba kosa likishaonekana huwekewa mlinzi asiyelala.

Kuna jambo moja dogo linalowasumbua wengi katika simu. Ukifungua mpangilio wa saa utaona limeandikwa jina la Dar es Salaam, hata uwe Tunduma. Hilo si kosa. Katika orodha ya dunia ambayo kompyuta hutumia, majira ya saa hupewa jina la mji mmoja mkubwa, na sisi tumepewa Dar es Salaam. Kosa huja pale programu ya swala inapozimiwa ruhusa ya kujua ulipo, ikalichukua jina hilo kuwa ndiyo mahali pako. Tulikuta hali hiyo katika simu kadhaa za maamuma wetu. Angalia basi kwamba mji umeandikwa Mbeya au Iringa. Angalia Alasiri imewekwa kwa madhehebu gani, kwani kati ya hesabu ya Shafi na ya Hanafi kuna takriban saa nzima hapa kwetu. Kama kuna sehemu ya kuongeza au kupunguza dakika, hakikisha hakuna aliyekwisha kuijaza kabla yako, mtoto wa shangazi au fundi simu, halafu ukaongeza tena juu yake.

Vijana wengine hutuuliza kwa nini kuhangaika na haya yote ilhali akili mnemba hujibu kwa sekunde. Kijana wetu huitumia kumsaidia kuandika mistari inayochosha. Kuiuliza saa ya Magharibi bila kuipima, hilo hafanyi. Tumemwelewa. Hujibu kwa ufasaha wa mtu mwenye yakini, na ukiuliza kaipata wapi habari hiyo, mnyororo wake haupatikani.

Wala elimu hii si ngeni kwetu kiasi tunachodhani. Neno ambalo mafundi wa dunia nzima hulitumia kwa kanuni ya hatua za hesabu, algoriti, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Na Ibn al-Shatir, aliyetengeneza saa ya jua kwa ajili ya Msikiti wa Umawiyya wa Damascus mwaka 1371, alikuwa mwajiriwa wa msikiti huo kwa kazi ya kutunza nyakati za swala. Misikiti mikubwa ilimlipa mtu kufanya kazi ambayo kijana wetu anaifanya bure baada ya saa za kazi, na betri imechoka. Katika kikao kilichopita tuliwasilisha ombi la kumnunulia betri mpya, nalo lilipita.

Jambo moja limebaki wazi. Alfajiri huhesabiwa kwa nyuzi ambazo jua limebaki chini ya upeo wa macho kabla halijachomoza, na wanavyuoni na taasisi hawakuafikiana juu ya kiasi chake: Ligi ya Waislamu Duniani ni nyuzi 18, Misri ni 19.5, Waislamu wa Amerika ya Kaskazini wengi wao ni 15. Kwetu Mbeya, kati ya ya kwanza kuingia na ya mwisho kuna dakika 18 au zaidi, muda unaotosha mama kumaliza daku au kukatizwa. Hapa hakuna kijiti kitakachotuamulia, na kijana alikataa kuchagua. Kwenye programu, mahali pa namba hiyo, ameacha mstari unaosema kwamba unasubiri uamuzi wa masheikh, pamoja na tarehe ambayo swali liliulizwa. Kwa sasa ratiba yetu inatoka na nyakati zote mbili za Alfajiri, ya kujizuia kula na ya kuswali, hadi masheikh wa Mbeya na wa Iringa watakapokutana.